Breki Zinazolia

Swali: Gari langu hutoa mlio mkali kila ninapokanyaga breki, hasa ninapokaribia kusimama. Je, ninaweza kulitengeneza nyumbani?

Jibu: Unaweza, ndugu msomaji, iwapo una jeki, stendi imara za kulishikilia gari, na subira. Mlio wa asubuhi unaotoweka baada ya kukanyaga breki mara chache ni kutu nyepesi tu iliyotanda usiku juu ya diski, yaani sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, wala hauhitaji spana. Usipokoma, fungua tairi utazame ukingoni pedi, yaani vibao vinavyobana diski ili gari lisimame: zikibaki chini ya milimita 3, badilisha za kushoto na za kulia pamoja. Pedi nyingi zina kibati kilichowekwa makusudi kikwaruze diski na kupiga kelele zinapokaribia kwisha. Zikiwa bado nene lakini uso wake unang'aa kama kioo, zisugue kwa msasa, kisha upake grisi ya breki inayostahimili joto mgongoni mwake, kidogo mno, na isiguse kamwe upande unaobana diski. Vumbi usilipulize kwa mdomo. Lifute kwa kitambaa kibichi. Ukisikia mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma, gari lisiende popote kabla ya kutengenezwa.