Nyuzi 95 na tamaa ya kuovakloki

SWALI: Fundi, laptopu yangu ya magemu ina miaka 3. Gemu lilikuwa linaanza vizuri, baada ya dakika 10 hivi linakwamakwama, na prosesa inasoma nyuzi 95. Nikanunua kibao cha feni cha kuwekea chini, nikaweka na programu ya kupoza prosesa. Joto limeshuka hadi 78, lakini sasa gemu linakwama tangu mwanzo. Nataka kuiovakloki, yaani kuilazimisha prosesa iende kasi kuliko ilivyowekwa kiwandani, ili ipate nguvu, na rafiki ananishauri niweke pesti (ile inayopakwa juu ya chipu ili kupitisha joto) ya metali ya majimaji. Nianze na lipi?

JIBU: Anza kwa kuifuta hiyo programu.

Swali hili huniijia karibu kila wiki, na kila mara programu ya kupoza imo. Programu haipozi kitu. Joto hutoka kwenye chipu, likapita kwenye pesti, likasafiri kwa mabomba ya shaba hadi kwenye rejeta ndogo ya mapezi membamba, na hapo feni ikalisukuma nje. Katika safari hiyo, programu za aina hii kwa kawaida huongeza kasi ya feni au huipunguza prosesa mwendo. Nilizozikuta kwenye mashine za wateja hufanya la pili kimyakimya: huingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows na kushusha kikomo cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Asilimia moja tu, lakini kwenye mashine nyingi inatosha kuzima mwendo wote wa ziada. Prosesa iliyokuwa inapanda hadi 4.5 GHz (kipimo cha kasi ya prosesa) inabaki kwenye 2.6 yake ya msingi. Hapo ndipo zilipotoka nyuzi zako 78: kazi imepungua, ubaridi haujaongezeka.

Nyuzi 95 zenyewe si ugonjwa. Prosesa nyingi za laptopu zimewekewa kikomo kati ya nyuzi 95 na 105, na zikikifikia hujipunguza zenyewe ili zisiungue. Namba ya kuangalia ni GHz inazoshikilia baada ya nusu saa ya gemu. Laptopu mbili zinaweza kusoma 95 zote, moja ikiwa kwenye 4 GHz na nyingine imeporomoka hadi 2.4. Ya kwanza ni nzima, ya pili imeziba pumzi. Yako iko karibu na hiyo ya pili, maana kuanza vizuri kisha kuchoka baada ya dakika 10 ni dalili ya joto lisilopata pa kutokea.

Mashine ya namna hiyo ukiiovakloki, unaipunguza mwendo. Umeme unaoliwa na chipu hupanda sambamba na kasi, na hupanda kwa volteji mara volteji. Ongeza kasi kwa asilimia 5 na volteji kwa asilimia 5, umeme unapanda kwa takriban asilimia 16, na wote hugeuka joto. Prosesa ambayo tayari imegusa kikomo itajibu kwa kujishusha zaidi.

Hesabu hiyohiyo igeuze. Shusha volteji kutoka 1.20 hadi 1.10 bila kugusa kasi, umeme unapungua kwa asilimia 16. Kama BIOS yako (mipangilio ya msingi inayofunguka kabla Windows haijawaka) inaruhusu, hiyo ndiyo njia. Shusha kidogokidogo, milivolti 10 au 20 kwa hatua, ukijaribu gemu kila mara. Ukizidisha mashine itaganda au kujizima, nawe utarudi hatua moja. Laptopu nyingi za Intel zilifungiwa mlango huu baada ya watafiti kutangaza udhaifu wa kiusalama uitwao Plundervolt, unaotumia kushusha volteji, mwaka 2019, kwa hiyo usishangae ukiukosa.

Ila kabla ya hayo, fungua kifuniko. Kwa miaka 3 vumbi limeshajishona kama blanketi kati ya feni na mapezi ya rejeta, na ukipuliza kwa nje unalikandamiza tu. Zima mashine, chomoa betri, shika mapanga ya feni yasizunguke unapopuliza, kisha badilisha pesti kwa pesti ya kawaida. Vile vipande laini vilivyo juu ya chipu za kumbukumbu, ukivibadilisha weka unene uleule. Nusu milimita ikizidi, bamba la shaba halikai sawa juu ya prosesa. Kibao chako cha feni kiache, hakidhuru. Na kama skrini ni ya Hz 60, yaani huonyesha picha 60 kwa sekunde, funga gemu kwenye fremu (picha) 60 kwa sekunde, maana zinazozidi ni joto la bure.

Metali ya majimaji, hapana. Ni mchanganyiko wenye galiamu: unapitisha umeme, na unakula alumini. Wapo watengenezaji wanaoipaka kiwandani, lakini huizungushia kizuizi isitiririke. Niliwahi kuletewa laptopu iliyopakwa na mtu aliyejifunza kwa video ya dakika 6. Ilibebwa kwenye begi, tone likahamia kwenye vipande vidogo vya saketi kando ya prosesa, na ilipowashwa ubao mama ukafa. Alikuwa anatafuta kupunguza nyuzi 8.

Msemaji wa video hizo hukuonyesha joto la mashine isiyofanya kazi, nyuzi 45, kisha anapokea makofi. Wapo na mafundi wa aina hiyo: wanafungua, wanafunga bila kugusa pesti, wanaweka ile asilimia 99, wanakurudishia mashine iliyopoa. Ukiipeleka yako kwa mtu, cheza gemu nusu saa mbele yake kabla hajaigusa, uandike GHz na fremu. Akimaliza, chezeni tena gemu lilelile kwa nusu saa ndipo umlipe. Asiyetaka kusubiri hiyo nusu saa, chukua laptopu yako uondoke.