Stoli 2,800 au 3,800 kwa Mark II ya kazini na mashindano?

Kaka usichukue toki konveta (kile kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia oto kwa kutumia oili) ya stoli 3,800, yaani RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ambazo injini inafika kabla konveta haijashika vizuri, kwa sababu tu jamaa wanakwambia inatoka kama risasi, gari yako ina injini ya 1JZ turbo na gia oto, umesema siku tano unaendea kazini, mita 400 unakimbia mara moja moja tu. Mi ningeenda 2,800, nikizidisha sana 3,000.

Kitu cha kuangalia ni turbo yako inaanza kuvuta wapi, maana stoli inatakiwa ikufikishe pale nguvu inapoanzia, basi. Kama busti (presha ya hewa ya turbo) inakuja kwenye 3,000 hiyo 3,800 ni ya nini? Ukiwa barabarani RPM ziko 2,200 hivi na lokapu (klachi ya ndani ya konveta inayoizuia isiteleze) haijashika, toki konveta inateleza tu, na kuteleza ndo joto lenyewe. Nilishafunga ya 3,500 kwenye gari ya kutembelea, kwenye foleni ya Ubungo injini inanguruma gari inajivuta, baada ya muda nikachomoa dipstiki oili imekuwa kahawia inanuka kuungua, niliumia sana.

Hata ukichukua 2,800 funga rejeta ya kupozea oili ya giaboksi kabla hujaiwasha, hapo usibane hela kabisa. Na anayekuuzia mpe uzito wa gari, ratio ya difu na saizi ya tairi, coz konveta ileile ikikutana na injini yenye toki (nguvu ya kuzungusha) kubwa stoli inapanda, namba ya kwenye boksi sio ya kuamini kichwakichwa.