Kabla ya kushusha gia boksi, tafuta oili inatokea wapi

Fundi aliyeitazama Corolla yangu ya mwaka 1998 aliingia chini ya gari, akaona oili ikidondoka pale injini inapoungana na gia boksi, akatoa hukumu kabla hajainuka: sili ya nyuma ya krenki (pete ya mpira inayozuia oili kwenye mhimili mkuu wa injini) imekufa, gia boksi ishuke. Bei aliyonitajia ilinirudisha nyumbani. Niliiosha injini ikiwa baridi, nikaikausha, nikazunguka mtaani nusu saa, kisha nikamulika kwa tochi. Oili ilikuwa inatokea juu kabisa, kwenye gasketi ya kava ya tapeti (mpira unaoziba ukingo wa kifuniko cha juu ya injini), na kuteremka kwa nyuma ya injini hadi kule alikoiona fundi.

Gasketi hiyo mtu mwenye soketi chache na subira anaibadilisha mwenyewe. Ya kwangu ilikuwa imekauka hata ikakatika vipande nilipoivuta, na waya wa plagi ya tatu ulitoka ukichuruzika oili, jambo lililoeleza kwa nini gari lilikuwa linamisi huku mimi nikilaumu petroli. Kwa hiyo nunua na sili za matundu ya plagi. Mabaki yakwangue kwa kipande cha plastiki au mti, kwa kuwa aluminiamu huchubuka upesi. Silikoni weka tone dogo kwenye pembe tu. Inayozidi hubanwa kuingia ndani, ikamenyeka, na inaweza kuziba chujio la pampu ya oili lililo ndani ya sampu, beseni la oili chini ya injini. Nati zikazwe kidogo kidogo kuanzia katikati, kwa nguvu isiyofika Nm 10 kwenye spana ya kupimia. Mara ya kwanza nilikaza kwa hasira, gasketi ikachomoka pembeni, nikaanza upya.

Sili ya mbele ya krenki, ambayo kwangu nayo ilikuwa inavuja, ni kazi nyingine, kwa sababu mkanda wa taimingi, unaooanisha mzunguko wa krenki na sehemu za juu za injini, lazima utoke, na asiyewahi kuupanga heri amwachie fundi. Sili kuukuu itolewe bila kuugusa mhimili kwa bisibisi, kwani mkwaruzo mmoja unatosha kuiharibu mpya. Mdomo wa sili mpya upakwe oili, upande wenye springi uelekee ndani, kisha igongwe taratibu kwa bomba lenye kipenyo chake ili izame sawasawa pande zote.

Yote hayo niliyafuata, na baada ya wiki mbili sili hiyo ya mbele ikavuja tena. Kosa halikuwa la sili. Vavu ya kupumulia iliyo juu ya kava ilikuwa imeganda kwa masizi, hivyo hewa iliyojaa ndani ya injini ilikosa njia na kuisukuma oili popote palipolegea. Vavu nzima ikitikiswa hugonga. Yangu ilikuwa kimya. Nilibadilisha vavu pamoja na sili, na sakafu ya banda ikabaki kavu. Siku hizi kila ninapomwaga oili huichomoa vavu hiyo na kuitikisa karibu na sikio.