Cherehani, cherahani, charahani: nipande makosa ili nipate wageni?

SWALI: Shikamoo Mama. Nina tovuti ninayoiendesha mwenyewe, inafundisha kutengeneza cherehani: uzi unaokatika, mashine inayoruka mishono, mkanda uliolegea. Wageni ni wachache. Kijana anayenisaidia anasema watu wengi hukosea kuandika wanapotafuta jambo mtandaoni, hivyo chini ya kila ukurasa niweke orodha ya maneno yaliyokosewa: "cherehan", "cheerhani", "sindao", "kushoma". Tena tuyaandike kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe, msomaji asiyaone ila Google iyaone. Moyo unasita. Nifanye?
Fundi

JIBU: Marahaba mwanangu. Usifanye, na nitakueleza kwa nini, maana mimi nilifanya.

Nilikuwa msahihishaji wa prufu kwa miaka mingi kabla ya kupewa safu hii. Nilipofungua tovuti yangu ya kwanza, ya msamiati, nilipewa ushauri huohuo nikaukubali. Nikapanga maneno mabovu zaidi ya mia moja mwisho wa kila ukurasa, meupe juu ya nyeupe. Wiki chache baadaye nikapata barua ya msomaji asiyeona, ambaye hutumia programu inayomsomea skrini kwa sauti. Aliniuliza kwa upole kama kompyuta yake imeharibika, kwa sababu kila akimaliza somo langu, sauti inaendelea kumsomea maneno yasiyo na maana, moja baada ya jingine, hadi anaizima. Rangi nyeupe haikumficha yeye kitu. Nilifuta orodha yote usiku uleule, na barua ile bado ninayo.

Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa. Ziko na nyingine za kiufundi.

Kijana wako hajakosea kuhusu watu. Mwaka 2020 Google wenyewe walisema kwamba katika kila maswali 10 wanayopokea kwa siku, 1 lina kosa la tahajia. Lakini mwaka huohuo walitangaza mfumo mpya wa kusahihisha, wenye vigezo milioni 680, yaani namba za ndani ambazo mfumo hujifunza ili uweze kukisia, unaofanya kazi yake kwa muda usiofika milisekunde 3. Maana yake ni kwamba mtu akiandika kwa makosa, mtambo hujaribu kwanza kukisia alichokusudia, kisha ndipo unamtafutia. Ukurasa ulioandikwa "cherehani" sawasawa una nafasi ya kumfikia hata aliyeandika "cherehan".

Wala kukisia huko si uchawi. Mwaka 1964 mtafiti wa kompyuta Frederick Damerau alichunguza makosa ya tahajia akakuta zaidi ya asilimia 80 ni ya aina nne tu: herufi moja imeachwa, moja imeongezwa, moja imebadilishwa, au mbili zilizo jirani zimepishana. Itazame orodha ya kijana wako. "Cherehan" na "sindao" zimeacha herufi, "kushoma" imebadilisha, "cheerhani" imepishanisha. Yote ni makosa mepesi kwa mashine.

Kazi ngumu kwa mashine ni pale kosa linapozaa neno jingine halali. Katika Kiswahili tunayo mengi: anayetaka "kura" akaandika "kula", anayetaka "mahali" akaandika "mahari", anayetaka "thamani" akaandika "samani". Herufi peke yake hazitoshi kumwokoa huyo. Kinachosaidia ni maneno yanayozunguka. Kwa hiyo andika sentensi kamili. "Uzi wa juu unakatika kila ninapoanza kushona" ina msaada kuliko maneno kumi yaliyotupwa chini ya ukurasa.

Tena maandishi yaliyofichwa yamekatazwa wazi katika kanuni za Google. Ukurasa ukigunduliwa unaweza kushushwa, au kuondolewa kabisa kwenye matokeo.

Hapa nakuomba utofautishe mambo mawili ambayo kijana wako ameyachanganya. "Cherehan" ni kosa. "Cherahani" na "charahani" si makosa. Ni namna watu wanavyolitamka na kuliandika neno lao, kama wengine wanavyoandika "baisikeli" na wengine "baiskeli". Hao usiwafiche. Waandikie hadharani, mara moja, mwanzoni mwa somo: "Cherehani, ambayo wengine huiita charahani au cherahani, huruka mishono sindano inapopinda." Msomaji anajiona amekaribishwa, na mtambo nao unasoma.

Na ile orodha ya makosa usiitupe. Ihamishe tu. Kama tovuti yako ina kisanduku chake cha kutafutia, hapo Google haikusaidii. Mtu akiandika "sindao" akajibiwa "Hakuna matokeo", ataondoka akiamini huna somo la sindano. Mwambie kijana aiunganishe orodha na kisanduku hicho, "sindao" impeleke kwenye sindano. Kisha fungua Search Console, chombo cha bure cha Google, usome maneno yaliyowafanya watu waione tovuti yako. Mimi husoma yangu kila Jumatatu. Mara nyingi nakuta swali ambalo sijawahi kuliandikia somo, na hilo ndilo hukosesha wageni kuliko tahajia.

SWALI: Je, nikiyaweka makosa hayo kwenye sehemu ya maneno makuu ndani ya msimbo wa ukurasa, ambako hakuna wa kusomewa?

JIBU: Hayatamsumbua mtu, ila hayatakuletea mtu. Google walitangaza Septemba 2009 kwamba hawaitumii sehemu hiyo kupanga matokeo.

SWALI: Mama, nataka kununua anwani ya tovuti inayofanana na jina langu la biashara lakini limekosewa herufi moja. Ni vibaya?

JIBU: La jina lako mwenyewe, nunua, kisha iwekee maelekezo ya kudumu, yale ya namba 301, impeleke mgeni kwenye anwani sahihi. Usijenge tovuti ya pili pale.

La jina la mwingine, ili unase wanaoteleza kidole, usiguse. Marekani ina sheria dhidi ya hilo tangu 1999, na mwaka huohuo ICANN, wanaosimamia majina ya mtandao, waliweka utaratibu wa mwenye alama ya biashara kudai anwani kama hiyo bila kwenda mahakamani. Utaipoteza anwani, na fedha uliyoilipia haitarudi.