Mtoto anaogopa mbwa, na mazoezi yamekwama

SWALI: Binti yangu wa miaka 8 anaogopa mbwa. Tulianza kumzoesha kwa picha, kisha video, kisha mbwa aliyefungwa. Alipomwona tu alilia, tukaondoka. Sasa hata picha hataki. Tumekosea wapi?

JIBU: Kulia si tatizo. Tatizo ni kwamba mliondoka hofu ikiwa kileleni. Alipogeuka tu akapata nafuu, na akili yake ikanasa somo moja: kukimbia ndiko kulikoniokoa. Ndiyo maana hofu imerudi hadi kwenye picha.

Halafu ngazi yenu ina pengo. Kutoka video hadi mbwa hai ni mbali mno. Mchoree kipimajoto cha 0 hadi 10 (kwa umri huu mchoro humsaidia kuliko namba tupu), aonyeshe hofu yake ilipofika, nanyi mwanzie penye 3 au 4. Pengine ni mbwa mpole, kafungwa kamba fupi, mita 20 kutoka aliposimama. Kisha 15, kisha 10. Badilisheni jambo moja tu kila mara: mkipunguza umbali, mbwa awe yule yule.

Kabla ya zoezi muulize, “Unadhani nini kitatokea?” Akisema, “Atakata kamba aning'ate,” liandike. Mkimaliza, lisomeni pamoja: limetokea? Hapo ndipo penye dawa, hata kama moyo wake bado unadunda. Akizidiwa, rudini nyuma mita chache, subirini atulie, ndipo mwondoke. Dakika 15 mara nne kwa wiki ni bora kuliko saa nzima Jumamosi.

Chungeni pia maneno. “Usiogope, hakuna kitu” likirudiwa huwa mkongojo: ataamini amepona kwa sababu mama alisema. Mwambie mara moja tu, “Naona unaogopa, na bado umesimama.” Msimsukume wala kumhadaa. Mwanasaikolojia wa Marekani Mary Cover Jones, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1924, alimsogezea mtoto Peter, kidogo kidogo, sungura ambaye Peter alikuwa akimwogopa, huku mtoto akila chakula anachokipenda. Mwendo ule bado unafaa.

Akimzoea mbwa huyo wa kwanza, tafuteni mbwa wengine na mahali pengine, la sivyo atakuwa amemzoea mbwa mmoja tu. Na asimguse mbwa yeyote kabla ya kumwomba mwenye mbwa ruhusa.

Kama hofu imepita miezi 6 na inamzuia shule au michezo, mpelekeni kwa mtaalamu wa saikolojia ya watoto. Kama aliwahi kung'atwa na sasa tukio lile linamjia ndotoni, simamisheni mazoezi kwanza: hilo ni jeraha la kisaikolojia, na tiba yake hupangwa tofauti.