Darubini ya 12x25 msituni Arabuko-Sokoke na kwenye matope ya Mida

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Kilifi, nasimamia klabu ya mazingira. Nilinunua darubini iliyoandikwa 12x25. Tulipoingia msitu wa Arabuko-Sokoke alfajiri niliona giza tu, na kila nilichokilenga kilitikisika. Saa nne tukawa Mida Creek, ndege wakawa vidoa huko mbali kwenye matope. Muuza duka ananishauri nichukue ya 20x50. Je, hiyo itanifaa?

Jibu: Hapana, Mwalimu, usiinunue. Itakuongezea shida ile ile.

Namba ya kwanza ni mara ambazo kitu kinakuzwa. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Kwa darubini yako, 25 kwa 12 ni 2 na kidogo. Huo ndio upana, kwa milimita, wa duara la mwanga linaloingia jichoni mwako. Ishike mbali na uso, ielekeze angani, utaviona viduara viwili vyeupe. Sasa, chini ya miti alfajiri mboni ya jicho hupanuka ikitafuta mwanga, pengine hadi milimita 5, nawe unaipa 2. Ndiyo maana ukaona giza. Hiyo ya 20x50 itakupa 2.5 tu, na kwa kuwa inakuza mara 20, hata mtetemo wa mkono wako utakuzwa mara 20.

Tafuta 8x42. Gawanya: ni zaidi ya 5. Tena huonyesha eneo pana, na msituni upana ni muhimu kuliko ukubwa, kwa sababu ndege mdogo kama chozi hakai kwenye tawi moja akikusubiri. Ukimwona kwa macho, usimwondolee macho. Inua darubini ije machoni. Wanafunzi wengi huinamia darubini kwanza halafu huanza kumtafuta, na ndege ameshaenda. Nawaomba wafanye zoezi hili shuleni, kwa jani la mwembe, kabla ya safari.

Kwenye sehemu ya msitu yenye miti ya mirihi nendeni polepole na mkae kimya. Ndege wa pale hutembea kwa makundi mchanganyiko: nusu saa hakuna kitu, kisha ghafla matawi ya juu yamejaa. Humo ndimo mnaweza kumpata kwera wa Clarke, ndege asiyepatikana popote duniani nje ya Kaunti ya Kilifi. Kwa miaka mingi haikujulikana anazalia wapi, mpaka mwaka 2013 viota vyake vilipothibitishwa kwenye vinamasi vya msimu vya Dakatcha, kaskazini mwa msitu huu. Waambie watoto hilo, Mwalimu. Ndege wa msituni anayetegemea kinamasi kwa uzazi: kinamasi kikilimwa, msitu nao utampoteza.

Kuhusu Mida, hapo kosa halikuwa la darubini. Mlifika maji yakiwa yamekupwa. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pwani yetu maji hukupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Yakikupwa, vitwitwi na sululu huyafuata hadi ukingoni, kila mmoja akitafuta kaa na minyoo yake. Yakianza kujaa, matope hupungua na ndege husogezwa kuelekea kwenu, wakikusanyika kwenye kipande kilichobaki. Kwa hiyo siku ya bamvua fanyeni msitu asubuhi, mle chakula, mfike Mida saa nane. Siku za maji mafu, yaani zile za katikati ya bamvua moja na nyingine, ratiba hugeuka, maji hujaa asubuhi; muulize mvuvi yeyote kabla ya kupanga gari. Na iwe kati ya Oktoba na Machi, wageni wa kaskazini wakiwepo. Mtafuteni yule ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, mla kaa, ambaye Kiingereza humwita "crab plover". Yeye huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja chini ya ardhi, huko pwani za Uarabuni, Ghuba na Somalia, kisha huja kwetu.

Usiitupe 12x25. Juani kwenye maji mboni husinyaa hadi milimita 2 au 3, kwa hiyo giza halitakuwepo. Ila usiitumie juu ya lile daraja la mbao kati ya mikoko, maana hutikisika kila mtu akipita. Ingieni kwenye kibanda cha kutazamia ndege kilicho mwisho wa daraja, uilaze darubini juu ya mfuko wa mchanga au begi lililokunjwa kwenye ukingo wa dirisha, umlenge ndege mmoja, kisha watoto wapokezane kutazama bila kuigusa.