Mwaka wa kwanza, usinunue laptop kabla hujasoma hapa

Kila boom, ile hela ya mkopo wa chuo, likitoka ni yale yale. Wadogo zangu mnashuka Mwanjelwa na Kabwe hapa Mbeya na hela mkononi, mnauliza "laptop bei gani?", mnaonyeshwa stika ya prosesa ya Core i7, mnalipa, halafu haipiti wiki mnanijia geto mmenuna, bro hii mashine inagandaganda. Nawapenda ila mnanichosha jamani, hilo swali mngeniletea kabla hamjalipa tungeongea lugha nyingine kabisa. Haya, kaeni tuongee.

1. Anza na kozi yako, duka litafuata. Mtu wa ualimu au sheria anayeandika asaimenti na kusoma PDF, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 na SSD (hifadhi ya kasi ya mafaili) ya GB 256 anamaliza nayo chuo vizuri tu. Wa IT anayetengeneza app kwa Android Studio na emyuleta yake (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) atafute RAM 16. Watu wa civil, arkitekcha na land survey ndio mnaniumiza kichwa, maana Revit ya kuchora majengo inataka RAM 16 kuanzia, na ArcGIS Pro ya ramani inakaa kwenye Windows tu, kwa hiyo MacBook ya mjomba hata iwe nzuri vipi haitakusaidia hapo. Mfuate mtu wa mwaka wa tatu kwenye kozi yako, muulize anatumia programu gani, andika kwenye simu, ndio uende dukani.

2. "Mpya kwenye boksi" haitoshi. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hili limetokea ndani ya familia. Mtoto wa baba mdogo alipata civil hapa Mbeya, baba mdogo yuko Tukuyu, akauza parachichi, akasema mwanangu hawezi kwenda chuo na kitu cha mtumba. Namuelewa kabisa, mzazi gani asiyetaka hivyo? Wakaingia dukani wawili wao, wakatoka na kitu cha laki sita na nusu, chembamba kama daftari, nailoni bado iko juu ya kioo. Dogo akaja nacho kwangu anacheka nimpigie AutoCAD, programu ya kuchorea. Nafungua naangalia: prosesa dhaifu ya Celeron N4020, RAM 4, na hifadhi ni eMMC, ile ya bei rahisi isiyo na kasi ya SSD, ya GB 64, ambayo ukiiwasha inakuonyesha kama 58 hivi, na humo humo Windows imeshajikatia eneo lake na bado inadai nafasi ya kujiapdeti. AutoCAD ikagoma kuingia. Tukafuta tulichoweza kufuta, ikagoma tena.

Nikamwambia usijali tutaongeza RAM na SSD. Tukafungua mfuniko wa chini, yeye kashika tochi ya simu, mimi natafuta sloti. Hakuna. Akaniuliza, "Kaka, inachomekwa wapi?" Nikamwonyesha vile vichipu vyeusi vilivyochomelewa kwenye bodi, RAM ni hivyo hapo, na hifadhi nayo imechomelewa vile vile, mashine ilivyotoka kiwandani ndivyo itakavyokufa. Akazima tochi. Alichoniomba ni kimoja tu, nisimwambie baba. Semista nzima akawa anasubiri rumeti wake alale ndio aazime mashine yake achore mpaka alfajiri, na asubuhi saa mbili yuko darasani anapresenti. Mtoto ana akili, hakupata sapu (mtihani wa kurudia) hata moja, ila ile mateso haikuwa na sababu, kwa sababu hela ile ile inapata ThinkPad T480 au HP EliteBook 840 G5 au Dell Latitude 5490 iliyotumika. Hizi zilitengenezwa kwa kazi za ofisini, ofisi za nje zikibadilisha vifaa zinauzwa huku, zina sloti mbili za RAM, unaanza na 8 leo, boom lijalo unaongeza nyingine. Wazazi mkisoma hapa naomba mnielewe, used nzuri haimdhalilishi mtoto.

3. Achana na stika, soma namba. Stika zinauzwa. Kwenye i5-8350U ile 8 baada ya kistari ndiyo jenereshen, yaani kizazi cha prosesa, kwenye i5-1135G7 ni ya 11. Kwa hiyo i7-3520M ni jenereshen ya 3, chuma cha mwaka 2012, na i5 ya jenereshen ya 8 inaiacha mbali.

4. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kwa kawaida jenereshen ya 8 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0, kichipu cha usalama. Fundi anaweza kukupigia 11 kwenye mashine ya zamani kwa kuruka masharti na ikawaka vizuri, ila maboresho ya usalama hujahakikishiwa. Ndio maana EliteBook 840 G3, ambayo ni jenereshen ya 6, utaikuta bei chee.

5. Betri. Umeme wetu mnaujua. Fungua CMD (dirisha la kuandikia amri kwenye Windows) pale pale dukani, andika powercfg /batteryreport, fungua faili linalotokea, linganisha DESIGN CAPACITY (uwezo wa betri ikiwa mpya) na FULL CHARGE CAPACITY (inachobeba sasa). Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ya kwanza, bei ishuke au betri ibadilishwe.

6. Ingia BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine, kwa kubonyeza kitufe chake inapoanza kuwaka (HP F10, Dell F2, ThinkPad F1), ikidai paswedi usiinunue. Bonyeza kibodi yote. Fungua na kufunga kioo usikilize bawaba.

7. Wa Iringa na Njombe mnaoagiza Kariakoo mzigo uje na basi, kabla hujatuma hela muuzaji akupigie video kol, aiwashe ukiona, abonyeze Ctrl+Shift+Esc aende Performance akuonyeshe RAM, disk na jina kamili la prosesa, afungue ukurasa mweupe akuzungushie kioo chote, halafu seriali namba iandikwe kwenye risiti, ukifika stendi unageuza mashine unalinganisha. Akisema yuko bize, mtakie kazi njema, piga duka lingine.